Dakika Ishirini Bila Tangazo

…na hiyo ni dakika ya kumi na moja, shahidi wangu saa ya ukutani, dakika kumi na moja na kioo cha simu bado kitupu kama sinia lililooshwa, hakuna umeshinda, hakuna punguza kitambi, hakuna yule msichana wa mchezo wa karata anayenikonyeza kila nikitaka kuomba chumvi, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, miwani puani, simu gotini, siigusi, naichunga kwa macho tu mpaka zitimie ishirini, maana hadi jana dakika nne hazikuwa zinapita, tano kama yamechelewa, mara matangazo hayo yamejaa kioo kizima, na alama ya kuyafungia ndogo kama chawa, ukiibonyeza ndio kwanza unayafungulia mlango, lakini leo nimeyaweza, nimeyaweza mimi, mnadi wa miaka thelathini na mbili kazini, niliyeitwa Radi uwanja mzima wa mnada, na yule fundi wa simu aje anione, yeye aliyeishika simu yangu kwa vidole viwili kama samaki aliyeoza akasema, "Mzee, hii dawa yake moja tu, tunafuta kila kitu, tunaanza upya," kila kitu, analitamka kama anazungumzia vumbi, wakati humo ndani mna maneno yangu ya mwaka mzima, sentensi moja moja nilizoziandika na kuzihifadhi tangu daktari aliponiondolea kisanduku cha sauti pamoja na uvimbe wake, akaniachia tundu la kupumulia shingoni, ninalolifunika kwa skafu, na tangu hapo simu ndiyo mdomo wangu, ninachokiandika inakisoma kwa sauti, tena sauti ya kike, ya msichana anayesoma habari, hata mke wangu siku ya kwanza alishika kiuno akasema, "Yaani nimezeeka nawe vizuri, leo unaniletea mke mwenza mfukoni," nikacheka, kucheka kwangu siku hizi ni upepo tu shingoni, lakini yeye ameshaujua upepo ule… "Mabibi na mabwana, wageni waalikwa," huyo mdogo wangu sebuleni, anaanza tena, mara ya nne hii, anafanya mazoezi ya hotuba ya Jumamosi, arusi ya binti yangu, hotuba ya baba wa bibi arusi, na baba wa bibi arusi ni mimi, nipo hai, nimekaa hapa, mlango uko wazi nusu, lakini wameshaamua kwamba atasema yeye, "kwa niaba ya kaka yangu," anasoma, na hilo neno kaka yangu analivuta kama mtu anayezika, dakika ya kumi na mbili, kioo kitupu.

Wala siwalaumu sana, hapana, nawalaumu, kwa nini nijidanganye, nawalaumu kidogo, lakini chanzo ni ile siku wakwe watarajiwa walipokuja nyumbani, nimejiandaa siku nne, nimeandika na kufuta na kuandika, kwamba binti yangu huyu alipokuwa na miaka mitano alisimama juu ya kreti la soda akainadi sufuria ya mama yake kwa watoto wa jirani, mara ya kwanza, mara ya pili, na mama yake, akiitafuta apike cha mchana, akaikuta nyumba ya nne, nilijua hapo watacheka, nilipima mahali pa kicheko kama nilivyokuwa nikipima uwanjani, nikabonyeza, ile sauti ikaanza vizuri, "Binti yangu ni," ikafika hapo, na kioo kikajaa rangi, na simu ikapayuka kwa nguvu zote, "Uzito unakutesa? Kilo kumi kwa siku saba!" mbele ya mama wa bwana arusi, mama wa watu, aliyejaa kiti chote na nusu ya kile cha pili, Mungu wangu, mke wangu akaikwapua akaizika chini ya mto wa kochi na yenyewe ikaendelea kule chini, bila mazoezi, bila kujinyima, na mdogo wangu akawa wa kwanza kucheka, kisha wote, hadi yule mama mwenyewe, alicheka kwa wema, akanipigapiga mkono, na huo wema ndio ulionichoma kuliko kicheko… nilijitia naitafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni. Na tangu siku hiyo ndipo wakaanza kunijibia, mtu akiniuliza habari za asubuhi binti yangu anasema, "Baba hajambo," mke wangu ananiagizia chai ambayo sikuitaka, kwa upendo, najua, lakini sikuitaka, mimi niliyekuwa nikisimama mbele ya watu mia tatu na kabati bovu lenye mlango mmoja na linaondoka, linaondoka na mtu anayelikumbatia, eti leo chai naagiziwa… na hasa kilichonitia hasira kama mnadi ni jinsi matangazo yale yanavyouza vibaya, hayajui kungoja, hayamwachi mtu apumue, yanakurukia ukiwa katikati ya neno, uwanjani tungemtoa nje kwa kola mnadi wa namna hiyo, hamna adabu hapo, hamna hata ufundi, dakika ya kumi na tatu.

Basi nikasema hii kazi ni ya mnadani, nitaifanya kimnada, maana akiingia uwanjani mtu wa kupandisha bei kwa uongo, anayetaja bei na hana haja ya kununua hata kijiko, huwezi kumtambua kwa sura, huyo huvaa vizuri kuliko wote, unachofanya unasimamisha mnada, unawatoa watu wote nje ya lango, wanabaki wafanyakazi wa uwanja peke yao, unanadi kiti kibovu, unasikiliza, ikiwa ile sauti ya uongo imekoma basi mwizi si wa ndani, ni mmoja wa waliotoka, halafu unawarudisha wote na kuwaita nje mmoja mmoja, anayetoka unanadi tena kiti kilekile, unasikiliza, mpaka ufike kwa mwenyewe, nami nikafanya hivyohivyo, nilisoma maelezo herufi kwa herufi, unashikilia kitufe cha pembeni, unashikilia tena lile neno Zima mpaka simu ikuulize, ikawaka upya na maneno Hali Salama pembeni, ndani yake programu zilizozaliwa na simu tu, nyingine zote zimelala, na kweli siku nzima halikuja tangazo hata moja, nikajua mwizi hakuja na simu, nimemwingiza mwenyewe, ila programu yangu ya kusemea nayo ni ya kupakua, ikalala na wenzake, na kesho yake nikachunguza moja baada ya nyingine bila kuigusa simu kwa jambo jingine, kwa hiyo siku mbili sikusema neno, ningeweza kuandika kwenye karatasi, ndiyo, karatasi ipo, nikakataa, kazi haitangazwi kabla haijaisha, nikawa natikisa kichwa tu, na nyumba nzima ikaamua kwamba nimesusa, nilimsikia binti yangu jikoni akimwambia mama yake, "Baba amekata tamaa, mwacheni apumzike, baba mdogo atasema," na sauti yake ilikuwa na machozi, mimi huku nimevimba kichwa kwa fahari kwamba nimeshaitoa ile tochi ya kupakua, siyo, nimeutoa mchezo wa drafti, siyo, nimekitoa kisafisha simu alichokiweka yule fundi, hapo nilikuwa na uhakika kabisa, nilikuwa nimeshaandaa na maneno ya kumwambia, siyo, fundi ni mkweli jamani, haya, samahani yake nitamwandikia… "ambaye mnamwona pale," mdogo wangu anasoma, "ambaye mnamwona pale amekaa kimya…"

Amekaa kimya, ameandika hivyo, ametafuta kalamu akakaa akaandika amekaa kimya, dakika ya kumi na tano, kioo kitupu, na aliyebaki alikuwa mmoja, nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilimpenda, Kikuza Sauti, ndilo jina lake, programu ya kuifanya simu ipige kelele mara mbili ya uwezo wake, niliitafuta mwenyewe, naikumbuka hata siku, nilikwenda uwanjani kuwasalimia wenzangu, nikaandika salamu, simu ikasoma, na mbeba meza mmoja akaweka mkono sikioni akasema, "Radi siku hizi umekuwa mbu!" utani tu, utani wa kazini, nami niliwatania wenzangu vibaya kuliko hivyo, lakini nilirudi nyumbani neno hilo limenikwama kooni, koo ambalo sina, na kabla sijavua viatu nikaipakua, ikaniuliza ruhusa ya kuonekana juu ya programu zote, nikakubali, ikaniuliza ruhusa nyingine, nikakubali, ingeniuliza ruhusa ya kuhamia chumbani kwangu ningekubali, nilitaka sauti, nilitaka madirisha yatetemeke, na leo asubuhi nilipoiondoa ndipo… dakika ya kumi na sita… ndipo yakakoma, basi mtu wa bei za uongo alikuwa wa kwangu, nilimfungulia lango kwa mkono wangu na kumpa kiti cha mbele, na upepo unanitoka shingoni, nacheka, peke yangu, kama mwehu, lakini kicheko kinanikatikia hapohapo kwa sababu sasa simu imerudi kwenye kasauti kake kadogo, na Jumamosi ni ukumbi, watu mia mbili, nani atanisikia, niirudishe kwa siku moja tu, nusu saa tu, niivumilie na matangazo yake… acha, acha uongo, ukumbi una kipaza sauti, nimekwenda mwenyewe kukiangalia, nimekipiga kwa kidole, unaiweka simu pale mbele na mpishi kule nyuma atasikia, nilijua hilo tangu mwanzo, haikuwa ukumbi, haikuwa wakwe, nilitaka kuwa Radi, nilitaka mtu akinisikia asikumbuke kwamba nimekatwa, na sauti hii ya msichana wa habari naionea haya, hiyo ndiyo kweli, siku hizi nasema matangazo yamenikata kauli, na kabla ya matangazo nilikuwa nasema ni kelele za barabarani, na kabla ya hapo betri, dakika ya kumi na saba, kioo kitupu kabisa, na sasa sina cha kusingizia, roho inanidunda kama siku ya kwanza niliyopanda jukwaani na kengele mkononi.

"Kaka yangu," anasoma mdogo wangu, sauti imempanda, ana mapafu ya kutosha, tulizaliwa nayo sote, "kaka yangu amenituma niseme," sikukutuma, mdogo wangu, nakupenda na sikukutuma, dakika ya kumi na nane, ishirini hazijafika na sizingoji tena, nafungua pa kuandikia, naandika, nafuta, nilitaka kuweka mzaha mbele kidogo, nafuta mzaha, inabaki sentensi moja, nabonyeza, na kale kasauti kanatoka gotini kwangu, kadogo, safi, neno kwa neno, hakuna kinachokarukia, "Hotuba ya arusi ya binti yangu nitaisema mimi," na sebuleni mdogo wangu anaendelea, wageni waalikwa, wageni waalikwa, hajasikia, zamani hapa ningevuta pumzi nimfunike, siongezi kitu, nabonyeza tena, sentensi ileile, sauti ileile, na nasikia kiti kinasogea, nasikia karatasi, nasikia binti yangu, "Shh, baba mdogo, nyamaza kidogo, baba anasema," na mke wangu anazima bomba la maji, na wote watatu wamesimama kimya upande wa pili wa mlango wakingoja nimalizie, miaka thelathini na mbili niliunyamazisha uwanja kwa kupiga kelele kuliko watu wote, na kimya cha namna hii sikuwahi kukipata hata siku moja, nami nimekaa palepale ukingoni mwa kitanda, simu gotini, naandika ya pili bila haraka, wacha wangoje.