Safu ya Delfim

Kila alasiri, vyombo vya mchana vikishaoshwa, Leocádia Baeta alichukua kigoda chake na soksi aliyokuwa akiifuma, akavuka barabara na kuingia shamba la mizabibu la Zeferino Galrão. Aliketi mwanzoni mwa safu ya baharini, akavua viatu visijae mchanga, kisha akampa mumewe habari za siku. Sadini zimepanda bei. Mbuzi wa padri amekula kitambaa cha altare. Mvua bado.

"Najua bado," alisema Delfim kutoka chini. "Udongo huku umekauka kama mkate wa juzi. Mwambie Zeferino asipunguze majani mwaka huu, zabibu zitaungua."

"Nitamwambia."

"Na mgongo wako je?"

"Mgongo upo."

Sauti yake haikuwa ya kutisha hata kidogo. Ilikuwa ya mwanamume anayeongea akiwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Leocádia alifuma mpaka jua likaanza kumpiga machoni, akavaa viatu, akaaga, akarudi kupika.

Delfim aliingia mchangani wakati binti yao Idalina akiwa bado ananyonya. Sisi huku hupanda mizabibu kwenye mchanga, lakini mzabibu hauwezi kuishi kwa mchanga mtupu. Lazima mtu achimbe handaki mpaka akutane na udongo wa mfinyanzi, kina cha watu wawili waliobebana mabegani, na mche ushindiliwe huko chini. Mchanga ukichoka kusimama hauagi. Kwa hiyo mchimbaji huvaa kikapu kichwani. Handaki likimwangukia, kikapu humhifadhia hewa kidogo usoni, na wenzake huchimba kama mbwa hadi wamfikie. Wapo wazee kadhaa wanaokuja kanisani Jumapili ambao wangekuwa wamesahaulika kitambo kama si kikapu. Aliyeangukiwa bila kikapu, wenzake humvulia kofia tu.

Siku hiyo vikapu havikuwapo. Zeferino alikuwa amevijaza matufaha na kuvipeleka mnadani São Pedro, maana magunia huyachubua na wanunuzi wa siku hizi wana macho makali. Alikuwa amemwambia Delfim angoje vikapu virudi, au basi ashuke tu kama anaona mchanga umetulia. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, kama waajiri wasemavyo, na Delfim akasikia lile alilotakiwa kusikia.

Mchanga ulishuka karibu na saa ya chakula. Alikuwa amemaliza kushindilia miche yote. Majirani walikuja mbio na sepetu, wakaulizana kuhusu kikapu, wakavua kofia. Isitoshe, ukingoni mwa handaki ilikuwapo mizabibu mikongwe iliyopandwa na baba yake Zeferino, na yeyote angeona kwamba ukichimba hapo inaporomoka yote. Padri alikuja akasali, kisha akaenda kula. Leocádia alisimama pale na mtoto mgongoni mpaka giza likaingia.

Msimu wa kuchipua ulipofika, miche ilijitokeza juu ya mchanga, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kwa sababu mzabibu hufukiwa kidogo kidogo kwa miaka, na ukifukiwa wote kwa mara moja hukosa hewa ukafa. Wiki hiyohiyo Delfim aliuliza leo ni siku gani. Zeferino alikuwa akipita na unga wa salfa wa kuzuia ukungu. "Alhamisi," akamjibu, akaendelea kunyunyiza hadi mwisho wa safu, kisha akaenda kumwita Leocádia.

Padri naye aliitwa. Alilala kifudifudi na kanzu yake, akauliza kama anayesema ni roho au ni mtu.

"Ni Delfim, Baba. Miguu inaganda."

Padri akalifuta jina lake kwenye misa za marehemu. Ofisi ya mjini ikamwondolea Leocádia posho ya ujane kwa kuwa mume anaongea, na ikamnyima posho ya wake wa wagonjwa kwa kuwa mgonjwa hajafika kujionyesha. Leocádia alirudi kwa basi, akapika supu ya kabichi.

Tangu hapo aliomba kitu kimoja: Delfim atolewe. Zeferino hakukataa hata siku moja. Ni mtu mpole, hapaazi sauti hata kwa punda. Msimu wa kuchipua alisema mizizi isiguswe, na ni kweli haiguswi. Kiangazi mizabibu huwa imelala juu ya mchanga, vishada vimenyanyuliwa kwa vijiti visiungue, na mguu mmoja ukiteleza unapoteza safu. Wakati wa mavuno kila mkono uko kwenye mapipa. Mvua zikishika, mchanga huwa mzito na ungeua mtu mwingine. Kisha ni kupogoa, kisha macho ya mzabibu ya kuchipulia yanaanza kuvimba tena. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomchosha Leocádia kuliko kama angedanganywa.

Wakati huohuo safu ya baharini iliipita mizabibu yote ya kijiji. Delfim alisema kutoka chini lini udongo una kiu, lini mzizi umeguswa na ugonjwa, lini sukari imepanda. Zeferino alikuwa na kiwanda kidogo cha mvinyo kama sisi sote, ghala moja nyuma ya jiko na mapipa aliyorithi, lakini wafanyabiashara wa Lisbon walikuja kwake kwanza na kuuliza pipa la safu ile. Yeye kwa heshima aliliandika jina la Delfim kwa chaki kwenye pipa hilo. Leocádia alipelekewa chupa kila Krismasi. Hakuifungua hata moja.

Idalina alitambaa kwenye mchanga ule. Baba yake alimfundisha kuhesabu, kumjua ndege kwa mlio, na kuimba nyimbo mbili ambazo mama yake hakupenda aziimbe mbele ya watu. Akigombezwa nyumbani alikimbilia kwenye safu na kulala kifudifudi, shavu mchangani, akasimulia. Alikua, akawa mrefu, akaendelea kulala hivyohivyo.

Kisha Horácio, mwana wa Zeferino, akamtaka. Alikuja kuposa akiwa na shati la Jumapili, akapiga magoti, halafu akaona itambidi alale.

"Unakunywa?" aliuliza Delfim.

"Kidogo tu, mzee."

"Mtoto wa Galrão anakunywa kidogo! Haya, uongo wa kwanza huo nimekusamehe. Mchukue. Lakini ukimliza nitakusikia, mimi siendi popote."

Leocádia hakucheka. Alimkuta Zeferino ghalani akisugua pipa.

"Bwana Zeferino, binti yangu hatoki nyumbani kwangu mpaka baba yake atoke mchangani."

"Hiyo ni haki yako, mkwe."

"Haki yangu naijua tangu zamani. Nataka siku."

Zeferino aliweka brashi chini. "Harusi ni sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba. Zabibu zitakuwa zimeingia pipani, mvua hazijashika vizuri. Siku hiyohiyo, misa ikiisha, mimi mwenyewe nashika sepetu."

"Ukaseme mbele ya padri."

Akaenda akasema mbele ya padri.

Leocádia alitoa suti ya Delfim sandukuni, akaianika, akapiga pasi. Alimaliza soksi na kuanza nyingine nzito zaidi. Miaka yote alikuwa akilala katikati ya kitanda. Sasa akaanza kulala upande wa ukutani, na asubuhi aliamka amejibana hapohapo kwenye ukingo. Alikuwa na furaha, na hakuizoea.

"Nitakuwa nimefupika?" Delfim aliuliza.

"Utakuwa vilevile."

"Na nywele?"

"Tutaona."

"Nina hofu ya jua," alisema. Leocádia akamwambia atamshonea kofia.

Harusi ilifanyika shambani ili baba wa bibi harusi asikie. Meza ziliwekwa kando ya safu, pakaliwa mwanambuzi wa kuchoma, pakaonjwa mvinyo mpya. Idalina alitembea kati ya mizabibu pekupeku, gauni limeshikwa mkononi. Padri alipouliza ni nani anayemtoa binti huyu, Delfim alijibu kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, na wanawake wakajifuta macho. Baadaye aliwaomba wageni wasogee kidogo kwa sababu walikuwa wamesimama kichwani pake. Wakasogea, wakaomba radhi, wakaendelea kula.

Sepetu zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimesuguliwa. Leocádia hakula. Alikuwa akizitazama.

Kabla ya keki Zeferino alisimama na glasi. Alisema hana dhahabu wala nyumba ya mjini, ana mchanga tu. Akasema kuanzia leo safu ya baharini ni ya Idalina, pamoja na pipa lake, na wajukuu watakaokuja. Watu wakapiga makofi. Leocádia naye alipiga makofi, mikono ikitangulia akili, kisha akaichukua sepetu moja na kumfuata Zeferino.

"Mkwe, misa imekwisha."

"Imekwisha, na imekwisha vizuri." Macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi naamini hakuwa akiigiza. "Ningechimba sasa hivi, na suti hii hii. Lakini si umesikia? Si yangu tena. Mtu hachimbi shamba la watu."

"Ulisema mbele ya padri."

"Nilisema, na nisingekuwa nimeitoa ningechimba. Sasa muulize mwenyewe. Si mtu baki, ni mtoto wako."

Bibi harusi alikuwa akicheza. Leocádia hakutaka kumsumbua mtu katika harusi yake. Akairudisha sepetu ukutani, akaketi, akawekewa kipande cha keki.

Kesho yake aliacha kigoda nyumbani, akaja na sepetu. Idalina alikwishafika. Alikuwa amevaa buti za mumewe na alikuwa akikagua ua wa matete unaozuia upepo, akifunga mahali palipolegea.

"Sogea kidogo, mwanangu."

"Mama, iweke chini hiyo."

"Baba yako aliahidiwa jana."

"Najua. Nilikuwapo." Aliendelea kufunga. "Mizizi imempita kwapani, mama. Imemshika kiunoni. Ameniambia mwenyewe. Ukimtoa, safu nzima inang'oka."

"Ing'oke. Mizabibu hupandwa mingine."

"Na baba je?"

"Ndiye ninayemtoa."

"Unamtoa nani?" Idalina aligeuka sasa, kamba ikiwa katikati ya meno, akaitoa. "Mimi baba yangu ni huyu. Huyo wa kutembea simjui. Akae mezani pale, apulize supu, aniangalie... nitamwita nani?"

"Utamwita baba."

"Baba ninaye tayari, mama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekumbusha kwamba chumvi imeshatiwa. Nyuma yake mizabibu ilikuwa imelala juu ya mchanga, majani mekundu karibu kwisha, na tuseme ukweli, ilikuwa mizuri mno, na kila mtu kijijini alijua kwamba wafanyabiashara wa Lisbon wangepita Januari kuuliza bei.

Leocádia alipiga magoti.

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Delfim.

"Sema basi. Sema kitu. Nitachimba hata kwa mikono, mimi ukiniambia tu nachimba."

Leocádia aliweka kiganja juu ya mchanga. Ulikuwa baridi kwa juu na vuguvugu kidogo chini yake, kama kawaida.

"Upepo unatoka wapi?" aliuliza Delfim.

"Baharini."

"Basi huo ua ni mfupi. Chumvi itaunguza macho ya mzabibu. Mwambie aongeze matete."

"Ni hilo tu?"

"Mwambie kabla ya jioni, mke wangu. Nausikia unavuma."

Idalina alikuwa amesikia mwenyewe. Alikwenda ghalani akarudi na mzigo wa matete begani. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja ashike matete yasimame wima, mwingine afunge, na Horácio alikuwa bado amelala na kichwa kizito cha mvinyo wa harusi. Idalina alijaribu peke yake. Matete yalimwangukia. Alijaribu tena, upepo ukayaangusha tena.

Leocádia alisimama na sepetu yake akitazama. Kisha akailaza mchangani, akavua viatu, akaenda akayashika matete kwa mikono miwili na kuyasimamisha.

"Kaza," alimwambia binti yake. "Upande wako unalegea."