Pumzi Kabla ya Noti

Rekodi ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa mara mbili. Niliisikiliza hadi mwisho katika chumba cha fundi sauti, kisha nikamuuliza, "Pumzi ziko wapi?"

"Pumzi zipi?"

"Za mpiga piano."

Uso wake ukang'aa. "Aa, zile kelele? Nimezifuta zote, dada. Zimenitoa jasho!"

Na ile rekodi ya mwanzo? Alikuwa ameifuta pia, kupata nafasi kwenye kompyuta.

Mpiga piano alikuwa mjomba wangu, aliyenifundisha fidla. Kabla ya kila noti ya kwanza alivuta pumzi puani kwa kishindo, kama mtu anayejitwisha gunia. Nyumbani tulimwita Treni. "Haya, treni inaondoka," mama alisema kutoka jikoni, nami nikaanza papo hapo. Sikuwahi kumtazama ili nianze. Nilimsikia.

Hilo ndilo nililoenda kulisomea. Shahada ya uzamivu ya upigaji muziki ilitaka tasnifu, maonyesho mbele ya watu, rekodi ya onyesho la mwisho, kisha kuketi mbele ya watahini na kujitetea. Hoja yangu ilikuwa kwamba wapigaji wawili huanza pamoja kwa pumzi, si kwa macho. Ushahidi wenyewe ulikuwa ile rekodi.

Kufikia onyesho hilo mapafu ya mjomba yalikuwa yamekwisha. Daktari alimkataza jukwaa. "Sikio la kufa halisikii dawa," mama alimsuta, huku akimpigia pasi shati la kuvaa ukumbini. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Niacheni nimfikishe mtoto," alisema.

Alipiga vizuri kuliko siku zote. Tulimzika kabla rekodi haijatoka.

Nilimchukia yule fundi. Bado namchukia kidogo, ingawa najua alifanya kazi kwa moyo wote.

Msimamizi wangu wa tasnifu, mwanamke mtu mzima, aliisikiliza akavua miwani. "Mtahini wa nje hakuwepo ukumbini. Atasikia hii tu, na hii inakukana. Itabidi urudie, utafute mpiga piano mwingine."

"Na mjomba?"

"Mwanangu, maji yakishamwagika..."

Nikarudia. Mpiga piano mpya alikuwa hodari, pumzi zake zikasikika vizuri, nami nilianza nazo bila kukosea hata mara moja. Hoja yangu ikasimama. Hilo liliniuma kuliko kushindwa: kwamba pumzi ya mtu yeyote ilitosha. Sasa naitwa daktari, na mama hunitania kwamba mimi ni daktari nisiyeweza hata kupima homa.

Ile rekodi safi ninayo. Huwa naiweka mchana. Kabla piano haijaanza pana kimya kifupi, na hapo navuta pumzi puani, kwa kishindo, kisha mjomba anaanza.

Juzi mama alinisikia kutoka jikoni. Alifunga bomba la maji, akasubiri piano ianze.