Konokono wa Mheshimiwa Mwenyekiti

Jumapili ya kwanza ya Juni, saa nane na dakika ishirini mchana, kikao cha Umoja kilikuwa kimefika ajenda ya tatu. Walikuwa ghorofani kwa Laurette, juu ya mgahawa wake wa barabara ya Huanshi Zhonglu, ugenini kwa Wachina, feni mbili zinazunguka na ya tatu imening'inia kwa ajili ya picha tu. Wajumbe walikuwa hamsini na mmoja. Wengine walikuja moja kwa moja kutoka soko la Zhanxi, na mifuko ya viatu vya sampuli imejazana miguuni mwao. Careen, katibu, aliandika kwenye daftari neno "Yatokanayo", kisha akalipigia mstari kwa rula. Careen alikuwa mtu wa rula.

Huo Umoja ulikuwa ndiyo serikali ya mtaa ya Waafrika Mashariki wa pale: wanafunzi, wafanyabiashara, na Wakongomani waliojiunga kwa sababu ukumbi ulikuwa kwao. Ulikuwa na katiba ya kurasa kumi na nane, bango moja la kitambaa, na mhuri mmoja. Mhuri ulilala kwenye pochi ya kiunoni ya mwenyekiti, Alphonce, wakala wa mizigo wa bandari ya Huangpu. Pochi hiyo hakuivua hata kwa kinyozi.

Kassian akasimama. Alikuwa kijana mrefu, mwaka wa mwisho wa uhandisi, amebakiza muhula mmoja. Mwezi Mei alihama chumba, akachelewa siku tisa kwenda kuandikisha anwani mpya. Chuo kikamwambia alete barua ya watu wa kwao kuthibitisha kwamba wanamjua na wanajua anapoishi, iwe na mhuri, ifike kabla ya Ijumaa tarehe ishirini na sita. Bila barua, hakuna kuongezewa kibali cha kukaa. Bila kibali, ni kurudi nyumbani na uhandisi uliopungua muhula mmoja.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema. "Ni ile barua yangu. Imeshaandikwa, imebaki kugongwa mhuri tu."

Barua alikuwa nayo mkononi, ndani ya jalada la plastiki. Kutoka kwenye jalada hadi kwenye pochi palikuwa na hatua nne.

"Marahaba. Suala lako ni zito, kijana wangu," alisema Alphonce. "Halihitaji pupa. Tunalifanyia kazi."

Neno "kazi" lilipokwisha kutoka, konokono akamtoka mdomoni. Alikuwa konokono wa maji, wa kijani cheusi, mkubwa kiasi cha kichwa cha kidole gumba. Akaangukia kwenye karatasi ya ajenda, akatulia kidogo, akatoa pembe zake mbili, akaanza kutembea kuelekea "Mengineyo", akiburuta ute.

"Taarifa, Mwenyekiti," alisema mzee Abdulrazak kutoka mstari wa pili. "Kuna konokono kwenye ajenda."

"Taarifa imepokelewa," alisema Alphonce, akajifuta midomo kwa leso. "Tutaweka utaratibu wa kudhibiti suala hilo."

Wakawa wawili.

Ilipofika saa tisa walikuwa kumi na saba. Alphonce aliahidi tena basi la kupeleka watu Huangpu kila asubuhi, akatoka mmoja. Akaahidi darasa la watoto, wakatoka wawili wameshikana. Aliposema kikao kitafungwa saa kumi kamili hakikutoka kitu, na kweli saa kumi kamili kilifungwa. Hapo Careen akaelewa mfumo wake. Hakuona haja ya kumweleza mtu, maana kila mtu alikuwa na macho.

Sababu ya mhuri kugoma ilijulikana pia. Mwezi Machi, Umoja ulipompokea mgeni fulani wa heshima, Kassian alipangiwa kumshikia mwavuli. Siku hiyo alikuwa na mtihani, akaenda kwenye mtihani. Mgeni akalowa bega moja. Alphonce alikuwa na kumbukumbu nzuri sana ya mabega.

Jumatatu Careen alirusha kwenye kundi la simu Habari za Umoja, kama alivyofanya kila wiki. Familia ya Loyce imepata mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Umepotea mwavuli wa bluu, umepatikana mwavuli mweusi, wahusika wawasiliane. Wenye mikokoteni Zhanxi wanaombwa wasipite na marobota kwenye ngazi za umeme, safari iliyopita alivunjika mtu kidole. Mwenyekiti ametoa konokono kumi na saba. Barua ya Kassian inafanyiwa kazi.

Konokono wenyewe walichukuliwa na Chen Ayi, mama wa makamo aliyekuwa mpishi wa Laurette. Alipanda kukusanya vikombe vya chai, akawaona mezani, akamgeuza mmoja, akamnusa, akashuka na kurudi na beseni. Aliwaloweka kwenye maji yenye matone machache ya mafuta ili wateme tope. Walitema wiki nzima, maana lilikuwa tope jingi. Jumapili ya pili akawakata ncha za mkia kwa koleo, akawakaanga na vitunguu saumu, pilipili, maharage meusi ya chumvi na majani yale yenye harufu kali ambayo kila mgahawa wa mtaa ule unayo, akawapandisha ukumbini kwenye sahani la bati, moshi unafuka.

Watu walitazama sahani. Harufu, tuseme ukweli, ilikuwa nzuri.

"Hiki ni kitu kimetoka kinywani mwa mtu," alisema Careen.

"Na mate yalikuwemo," aliongeza mtu wa nyuma, akasogeza kiti chake karibu na sahani.

Laurette alikuwa wa kwanza. Alimshika konokono kwa vidole viwili, akafyonza, akafumba macho. "Ah, papa président," alisema. "Hii ahadi yako iko bien cuite, imeiva kabisa. Unaisikia mpaka nyuma ya masikio."

Baada yake hakubaki mtu na aibu. Ukumbi mzima ukawa unafyonza. Walifyonza basi la Huangpu, wakafyonza darasa la watoto, mchuzi ukiwachuruzika hadi viwikoni, na maganda wakayaangusha kwenye ndoo, ta, ta, ta. Mtu mmoja aliyekuwa amesubiri basi lile tangu mwaka juzi alilamba vidole vyote kumi, kimoja kimoja, halafu akaomba ndimu. Mzee Abdulrazak alisema dini yake haimruhusu, akahamia meza ya dirishani, akawa anakula chapati huku amewapa mgongo.

"Mzee, hata wewe unaona hili ni sawa?" Careen alimfuata na kumuuliza.

"Mwanangu, mimi sili," alisema Abdulrazak. "Ila watu wanashiba. Miaka sita nahudhuria vikao hivi, ni mara ya kwanza naona watu wanatoka wameshiba."

Ukawa ndio utaratibu. Ahadi za Jumapili moja zililiwa Jumapili iliyofuata, na wachelewaji wakaanza kuwahi. Kassian alisimama tena kwenye yatokanayo, akaomba tena mhuri, akaambiwa suala lake liko hatua za mwisho. Konokono aliyetoka hapo alikuwa mnene kuliko wote wa siku hiyo. Watu wakageuka kumtazama Kassian kwa upendo kabisa. "Uliza tena, mdogo wangu," jirani yake akamnong'oneza. "Lako huwa linatoa wakubwa."

Jumapili ya tatu, tarehe ishirini na moja, ilikuwa ya uchaguzi. Zilibaki siku tano za barua.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza kupewa nafasi alikuwa Elinami, mnunuzi wa viatu Zhanxi. Wauza viatu wakimwona anakuja walificha vikokotoo, kwa jinsi alivyojua kushusha bei. Alisimama mbele ya meza, na watu hamsini wakainama kidogo ili waone vizuri. Chen Ayi alikuwa ameshika beseni mlangoni.

"Sina maneno mengi," alisema Elinami. "Nikichaguliwa, barua ya Kassian naigonga mhuri hapa hapa, kabla hamjanyanyuka kwenye viti. Mhuri utakaa kwa katibu, kila mwenye shida aupate. Basi la Huangpu sina. Viza siwezi kumpa mtu, mimi siyo ubalozi. Ni hayo tu."

Watu walitazama meza. Meza ilikuwa kavu.

"Endelea, dada," alisema mtu.

"Nimemaliza."

"Yaani hakuna kitu kabisa?"

"Kuna barua," alisema Elinami. "Nimesema barua."

Chen Ayi alichungulia mezani, akatikisa kichwa. "Mei you," alisema, neno ambalo kila mtu mle ndani alilijua kutoka dukani, ikiulizwa saizi ambayo imekwisha: hakuna. Mtu akacheka, kisha wakacheka wengi. Elinami akarudi kwenye kiti chake, akaketi na mgongo wake umenyooka.

Alphonce alizungumza dakika arobaini. Aliahidi jengo la Umoja la ghorofa sita, barabara hiyo hiyo, lenye lifti. Aliahidi viza za miaka kumi. Aliahidi kwamba wenye mikokoteni watawapisha wajumbe. Konokono waliporomoka wawili wawili, watatu watatu, wengine wakimtoka puani kwa sababu mdomo ulikuwa umezidiwa. Wakapanda juu ya bango la kitambaa, wakaingia kwenye jagi la maji, ute ukachirizika kwenye ukingo wa meza hadi kwenye viatu vya watu. Careen aliinua daftari lake na kuliandikia mapajani. Maelezo yalipofika ghorofa ya nne ya jengo alitoka mmoja mkubwa kama ngumi, ikabidi Alphonce asaidiwe kumvuta. Ukumbi ukapiga makofi.

Mwishoni alimtazama Kassian. "Na huyu kijana wetu," alisema, "barua yake ataipata kesho asubuhi."

Konokono wa ahadi hiyo alitoka taratibu, akadondoka, akapasuka ganda. Chen Ayi akamwokota haraka kabla hajaharibika.

Kura zilikuwa za kunyoosha mikono. Kassian alikuwa wa kwanza kumnyooshea Alphonce. Aliunyoosha mkono juu sana, akasimama kwenye ncha za vidole vya miguu, ili uonekane, maana bado alihitaji mhuri. Careen alihesabu: arobaini na mmoja kwa Alphonce, tisa kwa Elinami. Yeye mwenyewe hakunyoosha. Katiba, ibara ya tisa, ilisema katibu huhesabu tu, na Careen aliipenda sana ibara ya tisa siku hiyo.

Mzee Abdulrazak, asiyekula konokono, alikuwa miongoni mwa wale arobaini na mmoja. "Nimefikiria vijana," alisema.

Sasa sikiliza kilichotokea baada ya hapo, maana ndicho kilichobaki. Wakati watu wanapiga picha, tai ya Alphonce ilikuwa imelowa ute hadi kitovuni. Akaenda kunawa. Pochi nayo ilikuwa inateleza, akaivua kwa mara ya kwanza, akamkabidhi katibu. "Nishikie," alisema.

Zipu ilikuwa wazi. Mhuri ulikuwa pale juu, na kidau chake cha wino. Kassian alikuwa amesimama mbele ya meza na barua imeshatoka kwenye jalada. Aliiweka mezani, mahali pakavu, akainyoosha kwa kiganja, akarudi nyuma hatua moja ili asimsumbue.

Careen aliushika mhuri. Ulikuwa mwepesi, wa plastiki, wa kutengenezewa kibandani pale chini kwa nusu saa. Ibara ya kumi na mbili ilisema mhuri hugongwa na mwenyekiti. Alijua ibara hiyo kwa kichwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga chapa. Akaisoma tena moyoni, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza upya. Bomba la chooni kwa Laurette lilikuwa na maji ya shida, kwa hiyo Alphonce alikawia dakika nne.

Aliporudi, mhuri ulikuwa ndani ya pochi na zipu imefungwa.

"Katibu mzuri huyu," alisema Alphonce, akajifunga kiunoni.

Jumatatu asubuhi Kassian alikuwa Huangpu, kwenye geti la ofisi, na Alphonce alikuwa kwenye kontena. Jumanne mwenyekiti alikuwa kwenye kikao. Ijumaa ikaja, ikapita kama Ijumaa zote. Jioni hiyo Careen alirusha Habari za Umoja za ziada kwamba Umoja unamtakia Kassian safari njema. Hilo lilikuwa kweli, na hakuna konokono aliyetoka. Jumamosi alimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa Baiyun. Wajumbe walikuwa wamemtumia bakuli la konokono wa uchaguzi, limefunikwa vizuri. Kassian alilifungua kwenye foleni ya mizigo, akamtambua wa kwake kwa ule ufa wa ganda, akalifunika.

"Dada, watupe au ule mwenyewe," alisema. "Mimi hawataniruhusu nipite nao."

Careen alilitupa. Alinawa mikono mara tatu na harufu haikutoka.

Jumapili ya tarehe ishirini na nane, saa nane na dakika ishirini, walifika ajenda ya tatu. Sahani la bati lilikuwa linazunguka. Kwenye kiti cha Kassian mtu alikuwa ameweka begi. Alphonce aliinama, akamwambia Careen sikioni jinsi ya kusema, halafu akarudi kufyonza.

Careen alisimama na daftari. "Yatokanayo na kikao kilichopita," alisoma. "Moja. Suala la ndugu Kassian limeshughulikiwa ipasavyo."

Kulikuwa na kitu cha baridi chini ya ulimi wake. Alijaribu kukimeza, kikagoma, kikateleza juu ya mdomo wa chini na kuangukia katikati ya ukurasa, juu ya mstari wa rula. Alikuwa konokono mdogo kama punje ya mahindi, lakini pembe alikuwa nazo zote mbili. Watu wakapiga makofi ya adabu, kama anavyopigiwa mtoto aliyeota jino. Laurette akasema, "Félicitations, hongera, mama katibu." Kwenye meza ya dirishani, mzee Abdulrazak hakugeuka.

Chen Ayi alikuja na vijiti vyake, akamwokota yule konokono, akamwinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Dogo," alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza mgahawani. "Bado. Kua kwanza."

Akamrudisha kwenye daftari, akampapasa Careen begani, akashuka jikoni.