Watoto wa Mji Namba 109

Karatasi ilisema Wegesa anaishi peke yake.

Aliisoma akiwa amesimama nje ya lile kontena lililogeuzwa ofisi, kidole kikitembea chini ya maneno, maana shule aliishia darasa la tatu na maneno humjia moja moja kama kuku wanaorudi bandani. Mji namba 109. Mkuu wa mji: Wegesa. Idadi ya watu: 1. Chini yake, pale ambapo karatasi za majirani zilijaa majina ya watoto, palikuwa na boksi jeupe lisilo na hata alama.

Akaisoma tena. Ilikuwa bado ni moja.

Tangu dhahabu ilipoonekana nyuma ya kilima chao, kijiji kilikuwa hakilali. Wachimbaji walimiminika kutoka kila upande, wakapanga hadi kwenye mabanda ya mbuzi. Kisha kampuni ikaja na ramani zake, ikasema kilima chote kitachimbwa na watu watahamishiwa bondeni, kila mji, yaani boma la familia moja, utajengewa nyumba kulingana na watu wake. Watu wakaandikishwa. Leo karatasi zilikuwa zimetoka ili kila mtu aangalie yake, na kesho asubuhi wangesaini kwenye uwanja wa shule. Ukishasaini, basi. Mwenye watu sita anapata nyumba ya watu sita. Mwenye mtu mmoja anapata chumba kimoja kwenye ile safu ya wazee kando ya barabara.

Na Gati na watoto wanne aliokuwa akiishi nao? Hao hawakuwa kwenye karatasi yoyote.

Wegesa akaingia ndani. Nyuma ya meza alikaa msichana aliyetengeneza karatasi hizo, Sharon Akinyi, Mjaluo kutoka Sirari mpakani, mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, wajukuu zangu umewapeleka wapi?"

Sharon akaipokea karatasi, akaiangalia. "Labda siku ya kuandikisha hawakuwepo, bibi."

"Walikuwepo. Joel ndiye aliyemletea mwandishi wenu kiti. Mwandishi akala ugali, akaongezwa, akala tena. Usiniambie aliwasahau watoto akakumbuka ugali."

Sharon akacheka, akamvutia kiti cha plastiki. "Kaa hapa karibu yangu, bibi. Tuwatafute pamoja."

Wegesa akakaa. Alikuwa mtu wa kungoja. Alimngoja mtoto wa kiume miaka ishirini, akapata mabinti watatu, wote wakaolewa. Mji bila mtoto wa kiume haukumtisha, maana kwa Wakurya njia ipo. Ng'ombe walioingia kwa ajili ya mabinti aliwatoa yeye mwenyewe, akamwoa Gati. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita: mwanamke kamwoa mwanamke ili mji usife. Gati alipata watoto wanne, na wote ni wa mji wa Wegesa; Gati humwita mama, nao humwita bibi. Aliyewazaa kwa upande wa kiume alikuwa anajulikana, lakini haulizwi, wala hana dai lolote.

Sharon akafungua jedwali moja kwenye kompyuta. Majina yakashuka kama mvua. Akayapekua, akasimama.

"Hawa hapa! Gati, Joel, Mokami, Heche, Kezia. Mji 109. Wameandikwa wote, bibi."

"Sasa kama wameandikwa, mbona hawajatoka?"

"Ndiyo shida yenyewe. Waandishi wamefanya kazi yao. Tatizo liko kwenye ripoti." Akamwelekeza kwa kidole. "Karatasi yako ni ripoti mbili. Ya juu inakuleta wewe, mkuu wa mji. Ndani yake nimepachika ripoti ndogo, hilo boksi, ambayo kazi yake ni kwenda kwenye jedwali na kurudi na watu wako. Kwako imeenda, ikarudi mikono mitupu."

"Mvivu huyo."

"Ngoja tumjaribu."

Kwanza Sharon alifikiri ripoti inaonyesha mambo ya zamani, ya kabla watoto hawajaingizwa, kwa hiyo akailazimisha isome upya. Boksi likabaki jeupe. Akaangalia kama namba ya mji imekosewa, 109 sehemu moja na 190 kwingine. Zilikuwa sawa. Mwisho akaiita ile ripoti ndogo peke yake, bila ile kubwa, akaiambia ilete kila mtu iliye naye. Joel akatokea, na wenzake watatu, na mama yao.

"Umeona? Yenyewe ni nzima. Ikiwa peke yake inawaleta. Ikiwekwa ndani ya kubwa inawapoteza. Basi kosa liko pale zinaposhikana." Akajikuna kichwa kwa kalamu. "Lakini mbona kwa wengine zinashikana vizuri? Mzee Heche ana watu ishirini na sita na wote wametoka."

"Mimi ndiye wa pekee?"

"Sijui. Kuna miji mia tatu na kumi. Sijaipitia yote."

"Karatasi ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye rundo pembeni, nakala za ofisi. Wegesa akazipakata mapajani kama anayetaka kuchambua maharage, akaanza na ya kwanza. Sharon alitaka kumwambia asijisumbue, akamwangalia usoni, akamwacha aendelee. Jenereta ikaendelea kunguruma nje. Yenye boksi lililojaa aliilaza upande wa kushoto, yenye boksi tupu aliiweka kwenye goti. Saa nzima ikapita. Gati akaingia na jagi la uji, Kezia mgongoni, akamkuta Wegesa bado yuko karatasi ya mia mbili na kitu.

"Mama, watu wanakuulizia nyumbani. Wanasema umeajiriwa."

"Waambie nimepanda cheo. Mpe huyu binti uji, amekonda na hii kompyuta yake."

"Bibi, mimi sijakonda."

"Kunywa."

Walipomaliza uji, Wegesa alikuwa na karatasi saba gotini. Akazisoma majina taratibu, moja baada ya nyingine, akafika ya mwisho, akaguna.

"Gati, njoo uone hawa."

Gati akainama. Alipofika jina la tatu akaziba mdomo kwa mkono. "Wote ni sisi!"

"Ninyi nani?" akauliza Sharon.

"Wote hawa ni wanawake waliooa," akasema Wegesa. "Hakuna hata mmoja mwenye mwanaume kwenye mji. Wajane umewaleta, nimewaona. Walioachika umewaleta. Ni nyumba ntobhu tu ndizo zimebaki tupu."

Sharon akageukia kompyuta, akafungua mahali ambapo ripoti ndogo inapewa maagizo, akakaa anaangalia mstari mmoja kwa muda mrefu.

"Bibi, ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Mimi ndiye niliyeiambia iwatafute watoto kwa jina la baba, na wake kwa jina la mume. Inachukua jina la baba wa mtoto, inatafuta mji wenye mwanaume huyo. Hata mjane au aliyeachika, jina la mume wake limeandikwa kwenye mji wake. Kwa watoto wako sehemu ya baba iko wazi, na kwa Gati ya mume iko wazi. Ripoti haina pa kuwapeleka, inawaacha njiani. Wala haisemi kwamba imewaacha." Akashika kichwa. "Kwetu kila mtoto anaitwa kwa baba yake. Sikuwaza kama kuna mahali ambapo si hivyo."

"Usilie. Hujaua mtu."

"Silii, bibi."

"Basi futa macho."

Simu ikaita. Alikuwa msimamizi wake, Okal, sauti yake ikijaza kontena lote. "Akinyi! Karatasi za mwisho ziko wapi? Kesho saa mbili watu wanasaini."

Sharon akamweleza. Okal hakumaliza hata kusikiliza. "Hiyo ni miji saba tu, usinichoshe. Waulize baba wa watoto ni nani, jaza jina, ripoti itawavuta. Dakika tano umemaliza." Akakata.

Sharon akamwangalia Gati, Gati akaangalia chini.

"Mama," akasema Gati polepole, "kwani tukiandika Mwikwabe, yule aliyewazaa, kwa ajili ya kupata nyumba tu? Mimi naogopa. Kesho ni karibu."

Wegesa hakumkaripia. Alijua hofu ile. Nayo ilikuwa kifuani mwake tangu asubuhi. Kulala kwenye chumba cha wazee kando ya barabara, asisikie mjukuu wake Heche anakohoa usiku, asijue Mokami amerudi kutoka kisimani au bado. Angeweza kukubali chochote. Karibu chochote.

"Mjaribu mmoja," akamwambia Sharon. "Joel. Nione."

Sharon akaandika Mwikwabe kwenye sehemu ya baba ya Joel, akaita ripoti. Karatasi ya 109 ikaja: boksi bado tupu. Akatafuta Joel. Alimkuta mji namba 64, kwa Mwikwabe mwenyewe, chini ya watoto wa mke wake, namba tisa kwenye orodha, kana kwamba alizaliwa pale.

Gati akatoa sauti ndogo.

"Mrudishe," akasema Wegesa.

"Nimemrudisha, bibi. Nimefuta."

"Unaona, Gati? Karatasi hiyo ikisainiwa, kesho kutwa ndugu zake Mwikwabe wanakuja na fimbo kumchukua kijana wao, na wataonyesha mhuri. Mwikwabe hakutoa hata mkia wa ng'ombe. Ninyi ni wa mji wangu. Heri nilale barabarani nikiwa nanyi." Akamgeukia Sharon. "Mwanangu, hiyo njia ya baba iache kabisa. Tafuta nyingine."

Sharon akavuta kiti karibu na meza. "Naweza kuiambia isimuulize baba kabisa. Ilete kila aliyeandikwa mji 109."

"Si ndiyo hiyo?"

Akagonga vitufe. Boksi likajaa. Gati akapiga kigelegele, Kezia akashtuka mgongoni akaanza kulia. Wegesa akainama kusoma.

"Joel. Mokami. Heche. Kezia. Gati. Machage." Akasimama. "Machage?"

"Mama, si yule mpangaji? Wa chumba cha uani?"

"Huyu wa ndevu? Amekuwa mjukuu wangu?" Akaendelea kushuka. "Na wenzake wanne! Akinyi, umenizalisha wachimbaji watano kwa mpigo, mwanamke wa umri wangu!"

Wote watatu wakacheka hadi Sharon akalaza kichwa mezani. Alipoinuka akafuta macho, safari hii kwa sababu nzuri. "Ndiyo maana nilitumia baba, bibi. Kila mji umejaa wapangaji. Tuliambiwa wasihesabiwe, nikaona baba ndiye atakayewachuja."

"Wazo lako halikuwa baya. Ila umeuliza mtu ambaye hayupo. Uliza mama."

"Mama?"

"Mlimwandika mama wa kila mtoto?"

"Tuliandika."

"Kwetu hata mzee mwenye wake watano, watoto wanahesabiwa kwa nyumba za mama zao. Mama akifa, nyumba yake bado inaitwa kwa jina lake. Gati ni mke wa mji wangu, watoto ni wa nyumba ya Gati. Machage mama yake yuko Geita huko, hana nyumba kwangu."

Macho ya Sharon yakaenda huku na huku kwenye kioo cha kompyuta kama anayepima kitambaa. Kisha akaandika. Ripoti kubwa imlete mkuu wa mji. Ripoti ndogo ianze na mama walioandikwa kwenye mji huo, iwalete wao, halafu watoto wa kila mmoja. Baba akiwa wazi, asimwondoe mtoto. Akaisoma tena kwa sauti ya chini, akabonyeza.

Mji namba 109. Mkuu wa mji: Wegesa. Idadi ya watu: 6.

Sharon hakushangilia. Alifungua ile miji sita mingine, mmoja mmoja, na kila ulipofunguka Wegesa alitaja watoto kabla hajayasoma majina, akiwajua kwa ukoo, na Sharon akiweka alama. Kisha wakafungua wa mzee Heche, waone kama wameharibu cha mwenzao. Ishirini na sita, wamepangwa kwa nyumba za mama zao wanne, ikiwemo ya marehemu.

"Hii ni nzuri kuliko ya kwanza," Sharon akasema. "Zote mia tatu na kumi nitazitoa upya. Okal atapiga kelele."

"Apige. Mwambie bibi yako amekuagiza."

"Dani," Sharon akasema, "ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Nitamwambia dani ameniagiza."

Printa ikaanza kusukuma karatasi. Ya kwanza ikatoka ikiwa bado na joto, na Sharon akampa Gati, si Wegesa. Gati akaishika mbali na mwili kama kitu kitakachomwagika. Yeye alifika darasa la saba, alisoma haraka. Alimfungua Kezia mgongoni, akampakata, akamwonyesha mstari wa mwisho kwa kidole.

"Huyu ni wewe," akamwambia. "Na huyu hapa juu ni bibi yako. Tumekaa karatasi moja."

Kezia akanyoosha mkono kuishika, na Wegesa akaiwahi karatasi kabla haijafika mdomoni.