Tumbo Lililonyamaza

"Kinyaa hakinijui, wala mimi sikijui," Nguma alijigamba, mikono imezama hadi viwikoni ndani ya tumbo la mbuzi. "Na njaa ni vivyo hivyo. Tumbo langu mimi ni mbwa wangu. Nikiliambia kaa, lakaa."

Tumbo likanguruma. Si la mbuzi.

Matano mchinjaji, aliyekuwa akinoa kisu kando ya mfereji, aliinua nyusi. "Mbwa wako amebweka, yakhe."

"Anasalimia tu."

"Sisi Waislamu twafunga mwezi mzima, na kiu juu, wala hatutangazi. Wewe tangu jana tu, washakuwa nabii."

Machinjio yao yalikuwa kando ya njia ya kwenda Mwakirunge: paa la bati, sakafu ya saruji iliyopasuka, na inzi ambao walikuwa hapo kabla ya wote na walijiona ndio wenyeji. Kazi ya Nguma ilikuwa kuosha matumbo. Kuyapasua, kuyakung'uta, kuyapindua nje ndani, kuyachovya maji moto na kuyakwangua kwa kisu butu mpaka lile zulia jeusi la ndani libanduke. Alikuwa bingwa. Alikuwa akila mandazi huku akiifanya, mradi watu wamwone.

Lakini Jumamosi hii hakukuwa na mandazi. Kanisa lao lilikuwa limetangaza mfungo wa maji matupu mpaka Jumapili baada ya ibada. Nguma angeuruka mfungo huo kama alivyoiruka mingine yote, asingekuwapo Vivian, msichana aliyetaka kumwoa. Mama yake Vivian, Pascalia, muuza supu ya matumbo pale Kisauni, aliposikia habari za posa alisema mbele ya wateja wake wote: "Wazee wako wasije kwangu kabla sijakuona umefunga hadi mwisho. Marehemu baba Vivian alikuwa akiahidi asubuhi, mchana ashasahau. Sitaki mwanamume mwingine wa mdomo." Kisha akamwekea bakuli lake, na kijiti cha kuchokolea meno juu ya ukingo, kama anavyomwekea kila mteja.

Sasa Nguma alivuta utumbo wa mbuzi wa kwanza. Huyu alikuwa amelazwa bila chakula, kama inavyopaswa, kwa hiyo utumbo ulikuwa mtupu, mwembamba, wa moto bado. Ukateleza mkononi. Halafu ukajiminya wenyewe. Mfinyo ulianzia juu ukashuka polepole, ukisukuma mbele yake ute wa kijani na mabaki ya jana, kama mtu anayekamua mfuko wa maziwa asiyetaka tone libaki.

Wakati huohuo, ndani ya Nguma, kitu kilekile kikapita. Kikaanzia chini ya kifua, kikashuka, kikafagia, kikalalamika kwa sauti.

Alitazama karai, akajitazama. Miaka yote akijidhani mtu, kumbe ni mfereji wenye miguu.

Mbuzi wa pili alikuwa balaa zaidi. Aliyemuuza alikuwa amemshindilia majani asubuhi ili aonekane mnono. Nguma alipochoma kisu, uji wa kijani ulimrukia kidevuni, vuguvugu, wenye mapovu, unanuka kama pombe iliyolala na viatu. Na lile tumbo lilikuwa bado linakanda! Linavimba, linanywea, linachanganya, halijapata habari kwamba mwenyewe amekufa.

Bingwa aliinama pembeni akatapika maji matupu.

"Kinyaa kimekujua sasa," alisema Matano, akicheka mpaka akashika nguzo.

Nguma alijifuta kidevu. Aliliosha lile tumbo la pili haraka haraka, macho kando, mikunjo ya ndani hakuigusa. Matano akakata vipande vya tumbo hilo, akavitia kwenye sufuria ya mchana pamoja na chumvi na ndimu, akaenda msikitini.

Hapo ndipo ilipo aibu ya mwanadamu. Tumbo lililokuwa limetapika kwa kinyaa liliponusa mvuke lilisahau kila kitu. Nguma alifunua kifuniko ili aone tu. Akaonja ili ajue chumvi tu. Kipande kilikuwa kigumu, na katikati ya mikunjo meno yakakutana na mchanga, kisha nyasi. Alijua ni nyasi za nani na nani hakuziosha. Alikuwa anatafuna uvivu wake mwenyewe. Akafumba macho, akameza, akachukua kingine.

Alasiri kanisani, Pascalia alimkalisha kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waendeleaje?"

"Nimesimama imara, mama. Tangu juzi usiku hata punje."

"Bwana asifiwe."

Yakaanza maombi ya kimya. Haikupita muda, tumbo la Mzee Kaviha, huko mbele, likanguruma kama lori linalopanda kilima. Wasichana wakacheka chini kwa chini.

"Msione haya," Pascalia alinong'ona. "Tumbo likikosa cha kukanda hushika ufagio. Likipata, laweka ufagio chini, laanza kukanda polepole. Miaka yote ya mfungo nawasikia."

Ufagio ukapita benchi kwa benchi. Wa Agneta, mmoja wa wale wasichana, ulikuwa mwembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Wa mchungaji mwenyewe ulikuwa mzito, wenye heshima. Wa Pascalia ulianza, ukatulia, ukaanza tena. Kisha zamu ikafika kwa Nguma, na pakawa kimya.

Alingoja. Akajikunja, akabana mbavu, akalisihi lile tumbo kwa moyo zaidi kuliko alivyowahi kumsihi Mungu. Mbwa hakubweka. Kilichotoka ni kicheuo kidogo chenye ndimu, akakirudisha ndani kwa kinyaa kilichomtoa machozi.

Ubavuni mwake, Pascalia alikuwa bado amefumba macho, midomo ikisali. Mkono wake wa kushoto ulishuka taratibu kwenye pindo la leso, ukatafuta, ukapata. Kitu chembamba kikawekwa kwenye kiganja cha Nguma, na vidole vyake vikakunjwa juu yake, kimoja kimoja.

Kilikuwa kijiti cha kuchokolea meno.