Zamu ya Ndaki

Tajudin alikuwa anasugua beji kwa limau na majivu katika duka lake la vitenge, karibu na stendi ya Bariadi, kifurushi kutoka Tanga kilipofika. Ndani mlikuwa na beji ya kofia, ya shaba: nanga juu ya mizinga miwili. Ndiyo pekee iliyokosekana katika mkusanyo wake wa kikosi kilicholinda pwani wakati wa vita ya Hitla. Akampigia muuzaji simu.

"Nimeipokea," alisema.

Alipokata simu, askari alikuwa amesimama kando ya sanduku la kioo la beji, bunduki begani. Alikuwa ameinua mguu mmoja. Akaurudisha chini. Maji yalichuruzika kutoka kwenye kaptula yake, na Tajudin akasogeza majora ya vitenge yasilowe.

Kufikia Ijumaa, mbuzi wa jirani walikuwa wamezoea kuja kulamba chumvi sakafuni.

Alasiri hiyo Felisita wa Mkula aliingia kumnunulia mkwewe mjamzito kitenge. Aliyatazama masikio ya askari. Yalikuwa ya marehemu baba yake. Akapiga goti, akamwamkia babu yake kwa Kisukuma.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu," alijibu Ndaki, akimwita mama bila kugeuza shingo.

"Nyumbani wanasema ulitoroka jeshini. Jina lako hapewi mtoto."

"Sikutoroka. Koplo alisema nisitoke lindoni mpaka nipokewe. Kambi ikafungwa. Hakuna aliyenipokea."

"Basi twende, wakuone."

"Mpaka mwenye beji aseme."

Felisita akamgeukia Tajudin. "Baba, mwambie."

"Si nilishasema kwenye simu?"

"Ulisema nimeipokea," alisema Ndaki. "Hiyo ni beji. Mimi hujanipokea."

Tajudin alikuwa mfanyabiashara. Aliuliza masharti kwanza. "Nikikupokea, lindo linakuwa la nani?"

"Lako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka upokewe."

Tajudin akafunga sanduku kwa kufuli.

"Niuzie hiyo beji," alisema Felisita. "Nitampokea mimi."

"Mkusanyo haumeguliwi, mama. Chukua kitenge, nitakupunguzia."

"Kitenge kivae wewe!"

Akakamata sanduku kwa mikono miwili. Ndaki akashusha bunduki na kumwelekezea kifuani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa.

"Rudi nyuma, mayu."

Sauti yake ilitetemeka. Bunduki haikutetemeka. Felisita alilitazama tundu la mtutu, lililojaa mchanga mweupe wa pwani, kisha akaachia sanduku.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, wa kiume. Ukoo ulimpa jina la Constantine.

Tajudin alimwachisha kazi Doto, mlinzi wake wa usiku, kwa kuwa hakukuwa tena na haja ya walinzi wawili. Bado ananunua beji, sasa za vikosi vingine. Kila kifurushi kinapofika humpigia muuzaji simu.

"Nimeipokea," husema, akiitamka ile "i" kwa uangalifu.

Kwenye "nime-", Ndaki huinua mguu. Kisha huurudisha.