Mama Niyonsaba Ajiunga na Joging

Mama Niyonsaba alipotokea uwanjani Jumamosi ile ya mwezi wa tano, khanga kiunoni na raba za marehemu mumewe zilizojazwa karatasi mbele, klabu nzima ya mbio ya Umande ilidhani ameleta uji. Watu wakaanza kuulizana nani ana chenji. Akawaambia hapana, leo amekuja kukimbia. Ana miaka hamsini na tisa huyo, magoti yanalia akiinuka kitini, na mara ya mwisho kukimbia alikuwa mtoto wa miaka saba akivuka mpaka kutoka Burundi, na zile zilikuwa mbio za aina nyingine. Wakampigia makofi. Afya ni mtaji, mama, wakamwambia.

Afya gani? Mama wa watu alikuwa na shida ya njia.

Kila alfajiri hupika uji wa ulezi, huifunga ndoo kwa blanketi, na kuupeleka getini kwa hospitali ya Kibondo wanywe ndugu waliokesha na wagonjwa. Miaka ishirini alipita kichochoro cha nyuma ya kiwanja cha Badru, dakika tano, uji unafika unatoa moshi. Mwezi wa kwanza Badru, muuza mabati na saruji, akamaliza nyumba yake mpya, akakifunga kichochoro kwa miti mitatu iliyochimbiwa ardhini na kibao: HAKUNA NJIA. Ikabidi azunguke barabara kubwa na kilima chake, nusu saa nzima. Sasa mpe mtu aliyekesha na mgonjwa uji wa vuguvugu uone atakavyokuangalia. Wateja wakahamia kwa wauza chai, na Mama Niyonsaba akawa anarudi nyumbani na ndoo nusu. Hana shamba, hana kazi nyingine. Uji ndio ulikuwa kila kitu.

Akashtaki kwenye baraza la kata. Mzee Felisiani, mwenyekiti wa baraza, akasema watakuja mwezi wa tisa waone kwa macho. Wakikuta alama za miguu, ni njia. Wakikuta majani, ni kiwanja. Na majani wakati huo yalikuwa yanafika magotini, maana kila Mama Niyonsaba alipojaribu kupita alifukuzwa kama mbuzi aliyeingia shamba la muhogo.

Basi akakaa na ndoo yake getini, akifikiri. Akawaona Umande wanapita, watu arobaini, wanaimba. Hawa si watu wa mchezo pale mjini. Ukifiwa wanakuja na maturubai kabla hujamaliza kulia, ukilazwa wanakuja na matunda. Na mbele yao, ndani ya bukta, yumo afande Melkiadi wa trafiki. Akajiuliza: mjane mmoja anafukuzwa, sawa. Hawa nani atawafukuza?

Umande wana desturi moja. Anayeanzisha wimbo ndiye anayekaa mbele, na anayekaa mbele ndiye anayechagua njia. Mwanzishaji wao alikuwa Asmahani, fundi cherehani, msichana mwenye mapafu lakini wiki hiyo ana mafua. Mama Niyonsaba akajitolea kumpokea. Miaka thelathini ya kwaya haiendi bure; alipofungua mdomo, mbwa wa mtaa wa pili waliitikia. Akaimba kwamba watu wa Kasulu wanakimbia kama wamebeba magunia. Klabu nzima ikalipuka, kwa sababu hakuna kitu Kibondo wanapenda kama kuisema klabu ya Kasulu, majirani zao, na wakati bado wanacheka, bibi akakata kona, akapenya kando ya mti wa kwanza wa Badru. Arobaini wakapenya nyuma yake.

Badru alikuwa barazani na chapati mdomoni. Akasimama kufoka. Akamwona afande Melkiadi. Mkono uliokuwa umenyanyuka kufukuza ukabadilika, ukawa wa kupunga.

Jumamosi ya pili Asmahani alikuwa amepona, lakini klabu ikataka bibi ndiye aanzishe, wakapita tena. Ya tatu, Badru akawatolea ndoo ya maji na vikombe. Ya tano akatoka na fulana mpya ya njano, tumbo mbele, akaingia kwenye mstari. Mama Niyonsaba akajua ameshashtukiwa. Wapi! Mtu alitaka tu kuonekana na wakubwa. Lakini mbio zina mambo yake. Mwezi wa sita mama yake Badru akafariki, na Umande wakaja wote, Waislamu na Wakristo, wakachota maji, wakapasua kuni, wakashika koleo wakati wa kufukia. Mama Niyonsaba akaleta uji siku zote tatu za matanga, bure. Badru akaupokea kwa mikono miwili, analia. Siku hiyo bibi aliona haya kweli, akakaribia kusema. Akaufunga mdomo. Haya hailipi ulezi.

Toka hapo Badru akawa Umande kuliko Umande wenyewe. Anaamsha watu kwa simu, anaitikia kwa sauti kuliko wote, anakata kona ya kwake mwenyewe bila kuona anachokanyaga. Kichwani mwake kulikuwa na vyumba viwili: kimoja cha klabu, kimoja cha kiwanja, na mlango wa katikati hakuwa ameujenga.

Mwezi wa nane wakaja Kasulu wenyewe, basi zima, kwa bonanza la mbio. Siku ya kupanga njia Mama Niyonsaba akamwambia Asmahani, kwa sauti ya kusikika mbali, kwamba wageni wapitishwe kwa Shamsi wa duka la vitambaa, wakaone baraza lenye vigae. Badru akageuka. Kwa Shamsi kuna nini cha kuona? Ijumaa ile jioni aling'oa miti yake mitatu kwa mikono yake, akafagia kichochoro kutoka mwanzo hadi mwisho, ili wageni waione vizuri nyumba yake. Watu mia wakapita. Bibi alikuwa mbele, anaimba, magoti yanawaka moto, na ndani kwa ndani anacheka mpaka mbavu zinamuuma.

Wiki ya baraza ilipokaribia, ndipo Badru alipokumbuka kesi. Akarudisha miti. Akapandikiza ukoka kichochoro kizima, akaumwagilia asubuhi na jioni, kiangazi kikali kile. Jumamosi ikafika, wimbo ukaanza, kona ikakatwa, na Badru akapita juu ya ukoka wake mwenyewe, anaitikia.

Jumatatu wajumbe wakaja. Ardhi ilikuwa nyekundu, ngumu, imeng'aa, na vijani viwili vitatu vya ukoka vimelala ubavu. Mzee Felisiani akaichokoa kwa fimbo, akauliza nani anapita hapa. Badru alikuwa amejiandaa. Akasema hapa hapapiti mtu. Ni wageni tu wa bonanza, siku moja.

Mzee akatikisa kichwa. "Siku moja, na pamekuwa hivi? Basi watu wa Kasulu wana miguu. Andika, katibu: hii ni miguu ya Kasulu."

Mama Niyonsaba akageuka kutafuta shahidi. Miezi minne ya magoti inakwenda na maji, na mashahidi wake wote wako kazini.

"Kasulu?" Badru akasema.

"Si umesema mwenyewe?"

"Mzee, Kasulu walipita hapa mara moja, na nusu yao walikaa kilimani wakiomba maji! Hao ndio watengeneze hivi? Hii ni miguu yetu. Tangu mwezi wa tano, kila Jumamosi, mvua, jua, mimi mwenyewe sijakosa hata..."

Akaiona kalamu ya katibu. Ilikuwa inaandika kila neno.

Badru akaangalia chini, akafuata kichochoro kwa macho mpaka mwisho wake, penye paa la hospitali. Kisha akamgeukia Mama Niyonsaba taratibu, kama mtu anayehesabu Jumamosi moja moja. Hakuwa na hasira. Ilikuwa mbaya zaidi, alikuwa ameumia.

"Mama," akasema, "miezi yote hii tunakimbia pamoja. Umenizikia mama yangu. Si ungeniambia tu?"

"Nilikuambia, mwanangu. Mwezi wa kwanza, nikiwa na ndoo yangu kichwani. Ila nilikuwa peke yangu."

Wajumbe wakaangalia pembeni. Badru akaenda kwenye mti wa kwanza, akaukumbatia, akauvuta. Haukung'oka, alikuwa ameuchimbia kwelikweli safari hii. Mama Niyonsaba akajifunga khanga vizuri, akaenda kuushika upande wa pili.